Historia ya Marehemu Ambaye Hajafa

Masama, 9 Machi 1995

Kwa dada yangu Aikande,

Shikamoo, dada. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Hilda mke wangu ana goti na ng'ombe ana hasira. Goti limeanza tangu Krismasi, hasira sijui. Mvua imechungulia ikarudi. Elisaria jirani yetu ameng'ang'ania ubishi wake mpaka amekata mibuni yote ya baba yake, amepanda nyanya, na kila anayepita anamwonyesha nyanya kama mtu aliyejifungua mapacha. Sisi wenye kahawa siku hizi tunafuatwa na wanunuzi wenye pikapu, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja anatabasamu kuliko mwenzake. Zamani tulipunjwa bila kutabasamiwa. Ni maendeleo.

Sasa barua yako. Umeandika kwamba daktari wa huko Tanga atakupasua tezi ya shingo mwezi wa sita, na kabla hajashika kisu unataka historia yako ya marehemu iwe tayari: mimi nimeiandika, wewe umeisoma, umeikubali na umeikunja chini ya mto. Nimemsomea Hilda. Amesema, "Dada yako anataka kuingia kwenye jeneza na kalamu nyekundu."

Sababu yako naielewa. Unamwogopa mkweo Shedrack. Nami nilikuwepo tulipomzika shemeji Eliakim, Shedrack akasimama kaburini na karatasi zake. Mvua ilianza, ikanyesha, ikakatika, bado anasoma. Marehemu alimtaja kidogo, trekta ya ushirika aliitaja kwa kirefu.

Umefanya vizuri kuja kwangu. Darasa la tatu nilitoka kwa kupitia dirishani, lakini mwaka wa ishirini huu hazikwi mtu hapa bila ukurasa wangu. Kazi yenyewe si ngumu. Alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alioa, alilima kahawa, aliugua, Bwana alitoa. Mimi nabadilisha majina tu. Mwaka juzi nilisahau kubadilisha, mzee mmoja akazikwa na watoto saba wa mtu mwingine. Hakuna aliyelalamika ila mjane.

Yako nimeianza. Kuzaliwa, 1921. Kipaimara, 1938. Ndoa, 1940. Hapo katikati pana miaka miwili mitupu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nakumbuka ulikwenda kukaa kwa shangazi Kiboriloni, na nakumbuka baba alikufuata amevaa koti la kanisani, siku ya Jumanne. Ulikuwa unafanya nini huko?

Ndimi mdogo wako,
Ndelilio

~

Tanga, 2 Aprili 1995

Mdogo wangu Ndelilio,

Marahaba. Pole na goti la Hilda, alikande kwa maji ya moto yenye chumvi na aache kupanda kwenye dari la ndizi. Sisi hatujambo. Violet mwanangu anawasalimu. Shedrack mumewe amechaguliwa mwenyekiti wa kamati nyingine kanisani, sasa anatuombea chakula mpaka kinapoa. Joto la huku ni la kuivishia ndizi. Nimemweleza muuza ndizi sokoni habari za mtori wetu wa ndizi na nyama, akanisikitikia.

Miaka miwili unayouliza nilikuwa namuuguza shangazi. Basi. Ukiona haitoshi, ruka. Nataka ukurasa mmoja, mwandiko unaosomeka, usinitie chumvi.

Daktari amepanga tarehe 14 Juni. Anasema kisu kitapita jirani na mshipa wa sauti, huenda nikaamka bila sauti. Nimemjibu kwamba nimekaa nyumba moja na Shedrack miaka sita na zamu yangu ya kusema bado haijafika, kwa hiyo sitaona tofauti.

Dada yako,
Aikande

~

Masama, 20 Aprili 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti limepungua, sasa Hilda ananifikia kwa haraka zaidi. Ng'ombe amezaa jike. Mvua imefika kweli, na nyanya za Elisaria zimepata ukungu, nami nimejitahidi kusikitika.

Shangazi mgonjwa? Shangazi yule alizika waume watatu na hakuwahi hata kupiga chafya. Ungeniambia ulikuwa unamlinda asiue wa nne, ningeandika.

Nilijaribu kuruka kama ulivyoagiza. Kalamu imegoma. Nikiandika "kipaimara" halafu "ndoa", ni kama ngazi iliyong'oka vipande viwili, nani atapanda? Nikasema niweke kipande kimoja cha muda. Nikaandika: "Mwaka 1939 marehemu alipendwa na fundi cherehani wa Mwika aitwaye Remigius." Nikaona nimfanye Mkatoliki, baba apate sababu ya kuvaa koti.

Dada, sijui nikueleze vipi. Sikuwa na mpango na Remigius. Nilitaka mstari mmoja. Lakini nilipoinua kalamu nikamwona anapanda njia na cherehani begani, jasho linamtoka, anachechemea mguu wa kushoto. Mguu sikumpa mimi. Nikataka kujua kimempata nini, na njia ya kujua ilikuwa kuandika tu, hakuna mwingine wa kumwuliza. Nikaandika hadi nikajua: alipigwa teke na punda wa padri. Nikacheka peke yangu. Ndizi zikaungua jikoni.

Hilda akaja na mwiko. "Unacheka na nani?"

"Na Remigius."

"Ndiye nani?"

"Mchumba wa dada."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nne asubuhi."

Nimefika ukurasa wa nne. Amefika mlangoni kwa shangazi na kusimama hapo. Sijui aseme nini. Nisaidie au nikuoze kwake.

Ndelilio

~

Tanga, 11 Mei 1995

Ndelilio,

Marahaba. Wote wazima.

Futa huyo Mkatoliki leo hii. Mimi nilikuwa na nafasi gani ya mafundi? Tulikuwa tunaingia kiwandani umande haujakauka, tunatoka mgongo umejipinda kama ndoana, mikono inanuka kahawa mpaka ndani ya kucha, halafu nianze kusikiliza mtu anayechechemea?

Na tena hakuna mtu mwenye akili anayebeba cherehani begani kutoka Mwika hadi Kiboriloni. Huyo anaibeba kichwani juu ya kata, au anampa punda, na ndiyo sababu punda akampiga teke, umeona? Umeweka teke bila kuweka sababu. Na ukishamleta mtu mlangoni, Ndelilio, usimwache amesimama. Mpe kiti au mfukuze. Msikilizaji anachoka miguu pamoja naye.

Nimeandika haya kwa hasira. Usiyaweke. Ruka, nimekwambia. Siku zimebaki thelathini na nne.

Aikande

~

Masama, 22 Mei 1995

Dada,

Shikamoo tena na tena. Hatujambo, salamu nyingine nitatuma baadaye, nina haraka.

Kiwandani? Kiwanda gani? Miaka hamsini na sita unamuuguza shangazi, leo nasikia kucha zinanuka kahawa. Na nani alikufundisha kwamba mtu haachwi mlangoni? Mimi ni mwandishi wa misiba, siyajui hayo. Nimefanya ulivyosema, nimempa punda cherehani, na kila kitu kikakaa mahali pake kama jino.

Lakini Remigius nimemwondoa, umeamuru. Nimeandika upya. Sikiliza: "Marehemu aliajiriwa kiwanda cha kahawa mjini Moshi kama mchambuzi, akafukuzwa mwaka 1940 kwa kuiba kahawa ndani ya viatu, na baba yake mzazi akaja kumchukua kwa aibu." Najua si kweli, hukuwa na viatu. Lakini inaziba pengo, na inafaa ukurasa mmoja. Ukinyamaza nitaituma hivyo hivyo kwa Shedrack. Ana sauti nzuri ya kaburini.

Mdogo wako mtiifu,
Ndelilio

~

Tanga, 3 Juni 1995

Ndelilio mdogo wangu,

Marahaba. Tangu utotoni ulikuwa unachokonoa siafu kwa kijiti uone watafanya nini. Basi ona.

Nilichambua kahawa Moshi misimu miwili. Wanawake arobaini kwenye mabenchi, tunatoa punje mbovu. Kazi ile haichoshi mikono, inaleta usingizi, na aliyesinzia msimamizi alimtoa nje. Pembeni yangu alikaa Mektrida, mama wa Mwika, ana mtoto mchanga nyumbani, anasinzia ameshika punje. Nikamwanzishia hadithi ili asilale. Nilibuni hapo hapo: kulikuwa na bi harusi, na mama mkwe wake asiyeweza kutembea. Mama mkwe akasema, kabla sijafa nataka kuona maji ya mfereji wetu yanakoishia. Bi harusi akamtia kikapuni, akambeba mgongoni, wakafuata maji kushuka mlima.

Nilidhani itakwisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini wakapita nyumba ya kwanza, na ndani palikuwa na mtu, na sikumjua, ikanibidi nimsikilize. Kila siku nyumba moja. Asubuhi nikikaa sikuwa na kitu kichwani, nilikuwa nafungua mdomo na ndipo najua. Unasema ulimwona Remigius anapanda njia. Nakuelewa. Eliakim anisamehe huko aliko, hata siku ya harusi sikufurahi vile.

Msimamizi akanihamishia benchi la nyuma. Kesho yake wanawake wakawahi kufika, wote wakakaa nyuma. Baadaye akawa anapita kwetu taratibu kuliko kwa wengine, na siku aliyochelewa aliniuliza kwa hasira jana waliishia wapi.

Habari zikafika sokoni, mkwe wa kikapuni ana ulimi mkali na meno mawili. Akasikia mama yake Eliakim, ambaye tayari alikuwa amepeleka pombe ya posa kwa baba. Naye alikuwa na ulimi mkali na meno mawili. Akamwendea baba akalia kwamba binti yako ananitembeza kwenye kikapu mbele ya watu wote. Ndelilio, sikuwa nimemwona mama yule hata siku moja. Nilipoolewa ndipo nikamkuta: ndiye yeye kabisa.

Ndiyo hiyo Jumanne ya koti. Baba alinisimamisha mbele ya mafiga ya mama, akaniapisha kwamba sitasimulia tena kitu ambacho hakikutokea maadamu nyumba ile ina mtu wake. Nimeshika. Hata wanangu sikuwaambia hadithi ya sungura. Bi harusi nilimwacha njiani, mbele ya nyumba ya mjane, kikapu kikiwa bado mgongoni, hajapata hata mahali pa kukitua. Mektrida alinitumia mtu mara mbili kuuliza. Sikumjibu.

Sasa umejua. Usiandike. Naingia hospitali tarehe 13, na kama sauti ikienda, itakuwa imekwenda.

Aikande

~

Masama, 10 Juni 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi la Tanga mkononi, posta siiamini kwa siku tatu. Ameuliza kuna nini ndani. Nimemwambia majani. Ameinusa.

Umesema kiapo kinakaa maadamu nyumba ina mtu wake. Hilda alishauri tubomoe jiko, kiapo kikose pa kukaa. Usimshukuru, amelitaka jiko jipya tangu mwaka 1981.

Mimi nimefanya hivi. Humo kwenye bahasha kuna jani la sale nililofunga fundo. Nimelikata leo asubuhi kwenye kaburi la baba. Mwambie Violet, aliyekulia mbali na nyumbani, kwamba si dawa wala si uchawi: mtu akiletewa sale kuombwa msamaha, hata awe amekosewa kiasi gani, harudishi. Hili si langu. Baba ndiye anayekuomba radhi. Mimi ndiye mtoto wa mwisho, mimi ndiye niliyeachiwa kihamba, shamba la ukoo, na nyumba yake, basi mdomo wa nyumba hii ni wangu, upende usipende.

Nimemimina mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye mafiga, kidogo. Iliyobaki nimeimimina mahali pengine unapopajua. Mchungaji asiambiwe. Nikasema: Baba, ulikosea. Dada hakusema uongo, alikuwa anatafuta. Mwachie.

Hakujibu. Nawe unamjua baba, ukikosea alikuwa hachelewi kujibu.

Basi umefunguliwa. Ukiamka na sauti, mtue yule mama.

Ndelilio

~

Masama, 4 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Ni wiki tatu kasoro. Hakuna barua, hakuna simu ya maandishi, hakuna mtu wa basi. Hilda anasema nisihofu. Anasema hivyo huku anapika chakula cha watu wengi.

Mimi najipa moyo kwa njia yangu. Nasema Shedrack hawezi kukaa na msiba bila kuutangaza, kwa hiyo msiba haupo. Halafu nakumbuka kwamba huenda yuko kwenye ukurasa wa tatu wa tangazo.

Ukurasa wako sijaandika neno. Nikishika kalamu naona kama nashika koleo. Nimewaandikia watu wengi, sikujua kazi yenyewe ni nzito kiasi hiki pale unapomjua mtu. Juzi nilijaribu kumwandika bi harusi mwenyewe, nimvushe walau nyumba moja, nikashindwa. Ananigeukia ananiangalia tu. Anakungoja wewe.

Nilitaka kukuuliza jambo moja na sijui kama nimechelewa. Maji yanaishia wapi?

Ndelilio

~

Tanga, 19 Julai 1995

Ndelilio,

Marahaba. Usimzike mtu kwa sababu ya uvivu wa posta. Mwambie Hilda agawe hicho chakula.

Sale lilifika limekauka kama tumbaku. Violet alilia akidhani nimerogwa. Shedrack alilifanyia maombi ya nusu saa na akataka kulichoma. Nikamwambia akiligusa nitakufa makusudi na historia yangu hutaisoma wewe. Akaliweka chini. Nikaingia nalo chumba cha upasuaji nimelificha kwenye kilemba, mpaka muuguzi akanivua.

Tezi imetoka, ni kubwa kama parachichi. Sauti ipo, ila imebaki kama ya paka aliyemeza mwiba. Daktari anasema itarudi polepole, nisiitumie ovyo.

Sasa sikiliza. Wodini tulikuwa wanawake wanane. Siku ya nne mchana, joto limekaza, mama wa kitanda cha jirani, Mzigua, anaugulia tumbo alilopasuliwa na hana pa kushika. Nikajikuta nimefungua mdomo. Nikamwambia, kuna bi harusi amesimama mbele ya nyumba ya mjane, amembeba mkwe wake kikapuni, mabega yanamwuma tangu zamani sana. Mzigua akasema, "Si amtue?" Nikasema, ngoja tuone kama mjane atatoa kiti.

Sauti haifiki mbali, basi wale wa ng'ambo wakasogeza vitanda. Magurudumu yalipiga kelele hadi mkuu wa wodi akaja amefura, anauliza hapa ni hospitali au ni klabu ya pombe. Alisimama mlangoni. Mzigua akamwambia, "Sista, ama kaa ama toka, mama huyu hapendi watu wasimame." Akavuta kiti.

Nilikaa siku kumi na mbili. Mama mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani, kesho yake saa nane akarudi na chungu cha wali, anashika mshono anasema bado unavuta. Ulikuwa unavuta saa za hadithi tu.

Tumepita nyumba nane. Mama mkwe ameongezeka uzito kwa sababu kila nyumba anakaribishwa kula. Nilidhani namkumbuka nilivyomwacha, kumbe nami nimezeeka, sasa namsikia yeye zaidi kuliko bi harusi. Mwaka ule alikuwa wa kuchekesha tu. Sasa ana sababu ya kutaka kuona maji, na bado hajaniambia.

Unauliza yanaishia wapi. Sijui. Hata kiwandani sikujua. Walidhani nawaficha.

Ule ukurasa acha. Sina haja nao sasa, nina kazi. Niletee madaftari mawili ya mistari mipana, ya huku karatasi zake zinanyonya wino.

Dada yako,
Aikande

~

Masama, 20 Agosti 1995

Dada Aikande,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa sauti, Hilda akanifanya niirudie, nikairudia kwa kunong'ona ili iwe sawasawa. Ndama anakua. Elisaria ameng'oa nyanya, anauliza wapi atapata miche ya kahawa, nami nimemwonyesha njia ndefu.

Madaftari yamo ndani ya mzigo huu pamoja na ndizi. Nimeweka manne.

Nina ungamo. Baada ya barua yako sikutulia. Nikasema, mfereji wenyewe upo, unapita nyuma ya banda la ng'ombe wangu, kwa nini niteseke? Alhamisi nikachukua fimbo nikaufuata kushuka. Hilda alikuja nyuma. Alikataa kuingia kikapuni, nami nilikuwa sijamwalika. Tulishuka siku nzima, pale unapogawanyika tukabishana, tukafuata upande alioutaka yeye. Migomba ikaisha, mahindi yakaanza, vumbi likaanza, tukawa tunaziona bati za Bomang'ombe. Na dada, tulifika. Tumeona kwa macho yetu maji yanapoishia, na kuna mtu pale, na kuna kitu anachokifanya na hayo maji.

Nilirudi nikakuandikia ukurasa mzima, kila kitu. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na wa kweli, wa kwanza. Hilda akausoma amesimama. Halafu akaukunja vizuri na kuutia chini ya chungu, ukawaka.

Nikamwuliza, "Mama, umefanya nini?"

Akasema, "Muache afike mwenyewe. Ana miaka sabini na minne, usimkate miguu."

Nimenuna siku mbili. Siku ya tatu nikajikuta nachunga ndama huku nafikiri, wala sikuwa nafikiri yale niliyoyaona kule chini. Hayo nayajua, yamekwisha. Nilikuwa nafikiri wametoka nyumba ya nane na kikapu kimezidi uzito, jua linakaribia kuzama na bi harusi ameshachoka.

Dada, basi la Tanga linarudi Jumatano na dereva nimemwambia asubiri barua mlangoni kwako. Nyumba ya tisa inakaa nani?

Ndelilio